CUDA Imegoma Ayany: Tatizo ni Kadi, Matoleo au Bando?

Ubishi umekolea miongoni mwa vijana wanaojifunza kuandika programu mitaa ya Ayany, Olympic na Makina ya Kibera, Nairobi, na hata ng'ambo ya Ngong Road kule Kawangware. Laptopu imenunuliwa kwa kujinyima, masomo ya akili unde yameanza, mwalimu wa kwenye video amesema CUDA isakinishwe, na CUDA imegoma. Kuanzia hapo kila mtu ana dawa yake. Mmoja anasema ufute Windows uweke Ubuntu. Mwingine anaapa kwamba Ubuntu ndiyo iliyoleta balaa. Wa tatu hana subira: uza hiyo mashine, ongeza hela, tafuta yenye kadi ya NVIDIA ya RTX. Wa nne anashangaa watu wanahangaikia nini ilhali Google inaazima kadi bure kwenye kivinjari.

Wote wanne wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli kuhusu mashine yake. Ndiyo maana ushauri uliomfaa jirani unakuangusha wewe. Usakinishaji mwingi unaosemwa "umekataa" haukuwa na nafasi ya kukubali tangu mwanzo, kwa sababu zilizoamuliwa kiwandani na dukani kabla ya mtu kubofya chochote. Swali la kwanza basi ni kama CUDA inafaa kuingia katika mashine hiyo kabisa. Namna ya kuiingiza inafuata baadaye.

CUDA ilitoka wapi, na mwenyewe ni nani

GPU, kadi ya michoro, ilizaliwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Kazi yake ni kukokotoa rangi za mamilioni ya vitone vya skrini, kila kitone kwa hesabu ileile, vyote kwa pamoja. Watafiti walitambua mapema kwamba hesabu za matriki zina sura hiyohiyo, lakini ilibidi waivalishe hesabu yao vazi la picha ndipo kadi iikubali. Novemba 2006 NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizo, ilitangaza CUDA, na toleo la 1.0 likatoka mwaka uliofuata. Sasa mtu aliweza kuandika C yenye nyongeza chache na kadi ikaitekeleza.

Desemba 2008 kundi la Khronos likatoa OpenCL 1.0, kiwango kisichomilikiwa na mtengenezaji yeyote, wazo likiwa limetoka Apple. Kwa hesabu za mezani OpenCL ndiyo ingeshinda, maana inakubali kadi ya kila kampuni. Haikushinda. NVIDIA iliendelea kumwaga pesa kwenye maktaba zilizojengwa juu ya CUDA: cuBLAS ya matriki, kisha mwaka 2014 cuDNN ya mitandao ya neva. Mwaka 2012 mtandao wa AlexNet, ulioziacha mbali timu nyingine katika shindano la utambuzi wa picha, ulifunzwa kwa kadi mbili za GTX 580. Wanafunzi wakafuata watafiti, TensorFlow na PyTorch, zana za kufunzia modeli, zikafuata walipo watu, na mlango ukafungwa taratibu. Apple yenyewe ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaipa OpenCL kisogo na kubaki na Metal yake. AMD, mshindani wa NVIDIA mwenye kadi za Radeon, ilileta ROCm kama jibu lake kwa CUDA mwaka 2016, lakini orodha ya kadi inazozitambua rasmi ni fupi na Radeon za laptopu za ofisini hazimo.

Historia hiyo ina tokeo moja ambalo lingemaliza nusu ya maswali: CUDA ni mali ya NVIDIA na huenda kwenye kadi ya NVIDIA pekee. Hakuna mpangilio wa Windows wala amri ya Linux itakayoifanya grafiki ya Intel iipokee.

Tokeo la pili ni matabaka. Chini kabisa kuna kadi. Juu yake kuna draiva, inayozungumza na kadi kwa niaba ya mfumo. Juu ya draiva kuna kifurushi cha zana cha CUDA, chenye kampaila iitwayo nvcc. Juu yake kuna maktaba kama cuDNN, na kileleni PyTorch au programu yako mwenyewe. Draiva ni kama rejeleta ya gesi: mtungi mzima, jiko zima, lakini rejeleta isiposhika barabara hakuna moto, na anayekagua jiko peke yake hataona kosa lilipo. Karibu kila ujumbe wa kosa katika jambo hili ni tabaka moja likililalamikia tabaka la chini yake. Anayesoma ujumbe bila kujiuliza ni tabaka gani linalosema, huishia kufuta na kurudia kilekile.

Ex-UK ina nini ndani

Laptopu nyingi zinazofika Ayany zimepitia maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue zikiwa na jina la Ex-UK: mashine zilizotumiwa maofisini ng'ambo, zikasafishwa, zikauzwa hapa kwa bei ambayo mwanafunzi anaweza kuifikia akijikaza. Kundi la kwanza ni HP EliteBook 840, Lenovo ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude. Ni mashine imara, kibodi nzuri, na kwa kazi ya kuandika programu za kawaida hazina doa. Lakini ziliundwa kwa ajili ya barua pepe na majedwali. EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U, kwa mfano, ina grafiki ya Intel HD 520 iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Kisakinishi cha CUDA kikisema hakikuona kadi inayofaa, hakijakosea.

Kundi la pili ni mashine za wahandisi: HP ZBook 15, ThinkPad P50 na P51, Dell Precision. Hizi ni nzito na chaja zake ni za kilo, na ndani mna Quadro ya NVIDIA. Zimo pia ThinkPad T480 chache zenye MX150. Muuzaji akisema "hii iko na graphics" hasemi uongo, ila hasemi ni ya mwaka gani, na hapo ndipo mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Kundi la tatu, EliteBook zenye Radeon, tulipite upesi: ROCm haizitambui, kwa hiyo kwa suala hili zihesabiwe pamoja na za Intel.

Kujua uko kundi gani ni kazi ya dakika moja, na ifanyike dukani kabla M-Pesa haijatumwa. Kwenye Windows fungua meneja wa vifaa na utazame orodha ya kadi za skrini. Mstari mmoja wa Intel, basi habari imeisha. Mistari miwili, Intel na NVIDIA, basi andika jina kamili la ile ya pili, herufi na namba zote, kwa sababu kati ya Quadro K1100M na Quadro M1200 kuna tofauti itakayoamua kila kitu kinachofuata. Kwenye Linux amri ya lspci inatoa jibu hilohilo. Kibandiko cha kijani kwenye plastiki kisikushawishi. Mashine hizi hubadilishwa vipande na vibandiko hubaki.

Kuna jambo jingine la Ex-UK ambalo watu hulijua wakiwa wamechelewa: nenosiri la BIOS. Kampuni iliyomiliki mashine iliifunga, na mara nyingine ikauzwa ikiwa bado imefungwa. Laptopu inawaka, Windows inafanya kazi, mnunuzi haoni kasoro. Siku anapotaka kuzima Secure Boot ili draiva ya NVIDIA ipakiwe kwenye Linux, au kuwasha uwezo wa mashine pepe ili WSL2, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, ifanye kazi, anakutana na kisanduku kinachodai nenosiri linalojulikana na mtu wa teknolojia aliyeko Leeds au Birmingham. Hili nalo likaguliwe dukani.

Ngazi ya matoleo

Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, na ndipo ushauri wa haraka haraka unapoumiza watu.

Kila kizazi cha kadi za NVIDIA kina namba inayoonyesha uwezo wake wa kukokotoa. Fermi ni 2, Kepler ni 3, Maxwell ni 5, Pascal ni 6, Turing ni 7.5, Ampere ni 8. CUDA mpya inapotoka hukata vizazi vya nyuma. CUDA 9 ya mwaka 2017 iliitupa Fermi, kizazi kilekile cha GTX 580 zilizoifunza AlexNet miaka mitano tu kabla. CUDA 11 ya mwaka 2020 ikatupa Kepler za 3.0, na CUDA 12 ya Desemba 2022 ikamalizia Kepler zilizobaki. Mwaka 2025 CUDA 13 ikaacha Maxwell, Pascal na Volta kwa pamoja.

Chukua ZBook 15 G2 yenye Quadro K1100M, mashine inayopatikana mjini bila taabu. Kadi yake ni Kepler 3.0. Mwenyewe anasakinisha draiva ya Linux ya mfululizo wa 470, ambao ndio wa mwisho unaokubali Kepler. Inaingia. Anaandika nvidia-smi, na jedwali linatokea: jina la kadi, joto, kumbukumbu iliyotumika, na kwenye kona ya juu kulia maneno ya toleo la CUDA, 11.4. Anafurahi. Anapakua CUDA 11.4, anasakinisha, anaandika programu ya kujumlisha safu mbili, na nvcc inagoma kumtengenezea chochote cha kuendeshwa kwenye kadi yake.

Kosa liko wapi? Namba ya kwenye kona haisemi ni CUDA gani imesakinishwa, wala haisemi ni CUDA gani inaikubali kadi. Inasema ni toleo gani la juu kabisa ambalo draiva yenyewe inaweza kuzungumza nalo. Mashine isiyo na CUDA hata chembe itaonyesha namba hiyohiyo. Toleo lililosakinishwa huulizwa kwa nvcc --version, na mwisho wa kadi hutafutwa kwenye jedwali la NVIDIA la vizazi. Kwa K1100M mwisho huo ni CUDA 10.2. Kwa maoni yangu, kona hiyo moja ya jedwali imepoteza saa nyingi za wanafunzi kuliko kosa lolote jingine la CUDA, na NVIDIA ingeweza kulirekebisha kwa kubadilisha maneno mawili.

Na ngazi haiishii hapo. CUDA 10.2 haikubali kampaila ya gcc iliyo juu ya toleo la 8. Ubuntu 24.04 inakuja na gcc 13. Kwa hiyo mwenye K1100M ama atafute gcc 8 na kuiweka kando ya ile mpya, ama arudi kwenye Ubuntu 18.04, na akirudi huko atakuta Python ya zamani, na Python ya zamani itamnyima PyTorch ya sasa. Kadi ya zamani inavuta CUDA ya zamani, CUDA inavuta kampaila, kampaila inavuta mfumo mzima nyuma. Anayeambiwa "weka tu Ubuntu mpya" anaruka majivu na kukanyaga moto.

Wenye Maxwell na Pascal wako pazuri zaidi, lakini wasibweteke. Draiva zao zinaishia mfululizo wa 580. PyTorch nayo, katika toleo la 2.8, iliondoa vizazi hivyo viwili kwenye vifurushi vyake vya CUDA 12.8 na 12.9 na kuviachia vifurushi vya CUDA 12.6. Mwenye T480 ya MX150 akichukua kifurushi kipya bila kuangalia, usakinishaji utakwenda salama mpaka mwisho, PyTorch itaiona kadi, kisha hesabu ya kwanza itaanguka na ujumbe kwamba hakuna msimbo uliotayarishwa kwa ajili ya kifaa hicho. Dawa yake ni kurudi kwenye kifurushi cha 12.6. Kufuta Windows hakusaidii hapo.

Mambo mengine ya Linux yanajulikana na yana dawa. Draiva huria ya nouveau ikiwa imeshika kadi, ile ya NVIDIA haipati nafasi. Secure Boot ikiwa imewashwa, moduli isiyo na saini hukataliwa kimyakimya. Ubuntu hukuomba uunde nenosiri wakati wa kusakinisha, kisha mashine ikiwaka upya hutokea skrini ya bluu inayotaka uthibitishe, na wengi huipita kwa kuiogopa. Kerneli ya Linux ikisasishwa, draiva iliyowekwa kwa mkono hupotea hadi ijengwe tena. Iliyowekwa kwa apt hujijenga yenyewe. Laptopu yenye kadi mbili inaweza kuwa imepangiwa kutumia Intel pekee, na prime-select hulimaliza hilo.

Upande wa Windows kuna mitego miwili mikubwa. nvcc haifanyi kazi bila kampaila ya C++ ya Visual Studio, nayo isakinishwe kabla ya CUDA ili kisakinishi kiikute. Wa pili ni TensorFlow: toleo la 2.10 la mwaka 2022 ndilo la mwisho kutumia GPU moja kwa moja ndani ya Windows. Kuanzia 2.11 ni lazima kupitia WSL2. Video nyingi za mafunzo zilirekodiwa kabla ya hapo, na mwanafunzi anafuata hatua zilizokuwa sahihi siku zile. Ndani ya WSL2 draiva huwekwa upande wa Windows tu. Anayeongeza draiva ya Linux humo ndani anaharibu kilichokuwa kizima. WSL2 pia hujitwalia hadi nusu ya kumbukumbu ya mashine, na kwenye laptopu ya gigabaiti 8 hicho ni kibano.

Gigabaiti za nani

Maelezo rasmi ya usakinishaji huandikwa na watu ambao intaneti yao haihesabiwi. Ayany inahesabiwa. Kisakinishi kamili cha CUDA kwa Windows kina takriban gigabaiti 3. PyTorch yenye CUDA kwenye Linux, pamoja na maktaba za NVIDIA inazokokota nyuma yake, nayo hufika gigabaiti kadhaa. Bando la saa moja haliwezi kubeba hivyo, na umeme ukikatika katikati ya upakuaji, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, kwa kawaida huanza upya.

Kuna kichekesho humu ambacho wachache wanakijua. Ukiandika pip install torch kwenye Windows bila kutaja chochote zaidi, unapewa PyTorch ya prosesa tu, hata kama una kadi nzuri ya NVIDIA. Kisha unaiuliza kama inaiona CUDA, inajibu hapana, na unaanza kuilaumu draiva ambayo haina kosa. Ukiandika amri hiyohiyo kwenye Linux, unapewa ile yenye CUDA nzima, hata kama laptopu yako ni EliteBook ya Intel ambayo haitaigusa kamwe. Bando linaliwa na maktaba za kadi usiyo nayo. Dawa ya pande zote mbili ni kutaja anwani ya hifadhi ya PyTorch unayoitaka: ya prosesa, ambayo ni nyepesi sana, au ya CUDA ya toleo fulani. Python pia isiwe ile iliyotoka juzi. Vifurushi huchelewa kuifikia, na pip husema tu kwamba haikupata toleo linalofaa.

Hili la bando lina suluhisho la kijamii ambalo halijatumika vya kutosha. Kwa pip download faili zote huwekwa kwenye folda moja, na mashine nyingine zikasakinisha kutoka humo bila intaneti. Mtu mmoja mwenye Wi-Fi nzuri na diski ya nje anaweza kulihudumia darasa zima. Kibera ina hata miundombinu ya kwenda mbali zaidi: Taasisi ya Tunapanda imejenga humo mtandao wa jamii, TunapandaNET, na seva moja ya vifurushi kwenye mtandao wa namna hiyo ingefanya upakuaji ule mzito ufanyike mara moja kwa watu wote.

Misimamo inayoshindana

Msimamo wa kwanza ni wa wale wanaosema sakinisha kila tabaka kwa mkono wako. Nguvu yake ni elimu. Aliyepanga draiva, nvcc na cuDNN zikaelewana anajua mashine inafanya nini, anaweza kuandika kerneli zake mwenyewe, yaani vipande vya msimbo vinavyotekelezwa kwenye kadi, na kupima kasi yake, na baada ya hapo hahitaji intaneti. Udhaifu wake ni kwamba unamdai mtu vitu vyote ambavyo Ex-UK inakosa: BIOS iliyo wazi, diski yenye nafasi, bando na kadi changa. Na anayejaribu mara nyingi huacha mabaki ya matoleo matatu ndani ya mfumo, kila moja likivuta njia ya faili upande wake.

Msimamo wa pili unasema pip au conda ibebe mzigo. Wengi hawajui kwamba PyTorch huja na sehemu zake za CUDA ndani. Kinachohitajika kwenye mashine ni draiva tu. Kwa mtu anayetaka kufunza modeli, kupakua kile kisakinishi cha gigabaiti 3 ni kazi bure. Hii ndiyo njia yenye makosa machache zaidi kwa mwenye kadi inayofaa. Kasoro yake ni kwamba haimfundishi mtu kuandika kerneli, na kila mazingira mapya ya Python hudai nakala yake ya maktaba hadi diski ya gigabaiti 256 inalia.

Wa tatu, wa OpenCL, una wafuasi wachache na unastahili zaidi ya hao. Kwenye Ubuntu 24.04 unasakinisha clinfo, draiva ya OpenCL ya Intel, na PoCL inayoigeuza prosesa yenyewe kuwa kifaa cha OpenCL. Ni megabaiti, si gigabaiti. Intel HD 520 ya EliteBook, ile iliyodharauliwa na CUDA, inaendesha kerneli za OpenCL vizuri. clinfo ikionyesha majukwaa sifuri, kwa kawaida hakuna draiva iliyojiandikisha kwenye folda ya /etc/OpenCL/vendors. Jukwaa likionekana bila kifaa cha Intel, angalia kama mtumiaji yumo kwenye kikundi cha render. Kwenye Windows tatizo la kawaida ni fundi aliyefomati mashine akaiacha na draiva ya msingi ya Microsoft. Ukiweka ya Intel, OpenCL inakuja nayo. Mafunzo ya msingi ni yaleyale: kugawa kazi kwa nyuzi maelfu, kuzipanga kwa makundi, kumbukumbu ya pamoja ya kundi, gharama ya kuhamisha data. Lakini PyTorch na TensorFlow rasmi hazina habari na OpenCL, matangazo ya kazi yanataja CUDA, na programu ya kujumlisha safu mbili inahitaji mistari mingi ya matayarisho kabla hesabu haijaanza. Anayetaka kubaki kwenye Python ana njia ya pembeni: Numba ina kiigizo cha CUDA kinachoendesha kerneli kwenye prosesa. Ni cha polepole mno, ila kwa kujifunzia mantiki kinatosha.

Msimamo wa nne ni kadi ya kuazima. Google Colab hutoa bure, ikipatikana, Tesla T4 yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu, kizazi cha Turing. Kaggle hutoa takriban saa 30 za GPU kwa wiki kwa aliyethibitisha namba ya simu. nvcc imo tayari, PyTorch imo tayari, na hata C++ ya CUDA unaweza kuiandika na kuiendesha humo. Faida ambayo haitajwi ni ya bando: data ya gigabaiti 10 ikivutwa ndani ya Colab, inapita kwenye waya za Google, kwako inapita kurasa tu. Hasara nazo ni za kweli. Kipindi hukatika, faili hufutika usipozihifadhi, GPU wakati mwingine hunyimwa, na mtandao ukizima umekaa bure. Anayetaka kulipia hana tena kisingizio cha kukosa kadi ya benki, maana tangu 2022 M-Pesa ina kadi pepe ya Visa, lakini malipo ni ya dola na dola haina huruma. Tena si kila data inafaa kupelekwa huko: rekodi za zahanati au za wateja zinagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwanafunzi anayemsaidia mwenye zahanati anapaswa kufikiri mara mbili.

Ushauri wa kununua laptopu ya RTX siuhesabu kuwa msimamo wa tano. Ni bei tu. Mashine mpya ya aina hiyo inapita shilingi laki moja, chaja yake inavuta mara tatu au nne ya ile ya EliteBook kutoka kwenye tokeni zilezile za umeme, na mwenyewe bado atakutana na PATH, matoleo na pip.

Mizani inaegemea wapi

Kwa mwenye Intel au Radeon, na hao ndio wengi, kuendelea kupambana na CUDA ndani ya laptopu hakuna utetezi wowote. Kompyuta ibaki kuwa ya kuandikia, PyTorch iwe ya prosesa, kazi nzito zikafanyiwe Colab au Kaggle, na kwa siku zisizo na mtandao kuwe na OpenCL. Anachopoteza ni ujuzi wa kusakinisha draiva za NVIDIA, ujuzi ambao unapatikana kwa wiki moja siku atakapopata mashine yenyewe. Anachookoa ni miezi.

Kwa mwenye Kepler jibu linauma zaidi, kwa sababu kadi ipo na inaonekana. CUDA 10.2 inaweza kusimama humo, na anayetaka kujifunza kerneli za C kwa utulivu, bila intaneti, atanufaika. Lakini asitegemee PyTorch ya sasa hata siku moja. Ningemshauri aitendee mashine yake kama ya Intel, na 10.2 iwe mradi wa likizo.

Mwenye Maxwell au Pascal asakinishe draiva, achukue kifurushi cha CUDA 12.6 kwa pip, na asiende mbele zaidi ya hapo. Gigabaiti 2 za MX150 hazitafunza modeli kubwa, ila kwa kuandika, kupima na kurekebisha msimbo kabla ya kuupeleka Colab ni msaada mkubwa. Saa za bure haziishii kwenye makosa ya tahajia. Kifurushi kamili cha zana akiongeze tu anapoanza kuandika C++ yake. Kwa mwenye Turing na kuendelea, mabishano yote haya hayamhusu sana: draiva, pip, kazi ianze.

Kuna wimbi jingine njiani. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache. Ofisi za ng'ambo zina sababu ya kuondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, zikiwemo ThinkPad P50 na P51 zenye Quadro za Maxwell, na sehemu yake huenda ikaishia Luthuli Avenue kwa bei nafuu. Huenda zikawa miongoni mwa kadi za NVIDIA za bei rahisi zaidi mjini, na ndizo ambazo CUDA 13 imezifungia mlango. Atakayezinunua atahitaji draiva ya 580, CUDA 12.6 na vifurushi vya PyTorch vya toleo hilo. Vyote vinapakuliwa bure leo, na vyote vinatosha kwenye diski moja ya nje inayoweza kuzungushwa kutoka Ayany hadi Kawangware.